Sura ya Tano: Anza na Hasara, Bei Itafuata

Mtu anayetaka kukata bima ya gari huwa na swali moja mdomoni: ni shilingi ngapi? Humuuliza wakala wa kwanza, akampigia simu wa pili, akamwandikia wa tatu, na akishapata bei tatu huchagua ya chini, huku akiamini kwamba amelinganisha. Hoja ya sura hii ni kwamba mtu huyo bado hajalinganisha chochote. Bei hulinganishwa pale ambapo kinachouzwa ni kilekile, na bima mbili za gari zinaweza kubeba jina moja, kuuzwa mtaa mmoja, na bado zikatoa ahadi zinazotofautiana sana. Njia iliyo sahihi huanzia upande wa pili. Kwanza mwenye gari ajiulize ni hasara ipi ambayo ikimfika hatainuka tena kwa miaka mingi. Kisha aangalie kila kampuni itabeba kiasi gani cha hasara hiyo, kwa masharti gani, na kama itakuwa na uwezo wa kuibeba. Baada ya hapo ndipo aulize bei. Anayefuata mpangilio huo anaweza kuishia na bima ya bei ya chini kuliko zote au na ya juu kuliko zote. Kwa vyovyote, atakuwa anajua alichonunua.

Tuanze na kile ambacho sheria inamtaka kila mwenye gari awe nacho. Tanzania Bara, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hairuhusu gari kutumika barabarani bila bima inayomlinda mtu wa tatu. Kenya ina sheria inayofanana nayo, Sura ya 405. Wazo lenyewe lilitoka Uingereza, ambako bima ya namna hii ililazimishwa kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1930. Kabla ya hapo, aliyegongwa aliweza kushinda kesi na bado akarudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa aliyemgonga hakuwa na kitu cha kulipa. Kwa hiyo watunga sheria walimfikiria mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli na dereva wa gari jingine. Hawakumfikiria mwenye gari. Ndiyo maana kinacholazimishwa ni fidia ya kifo na majeraha ya mwili ya watu wengine. Gari lako halimo. Ukiteleza kwenye mvua ukagonga mti wakati una bima hii ya mtu wa tatu peke yake, ambayo wengi huiita bima ndogo, bonati, rejeta na taa vyote utavinunua kwa fedha zako. Mali ya mtu wa tatu, yaani gari lake, ukuta wake au duka lake, kwa kawaida huingizwa kwa makubaliano ya mkataba wenyewe, tena hadi kikomo fulani. Kikomo hicho hutofautiana kati ya kampuni moja na nyingine.

Hapo ndipo tunapopata ushahidi wa kwanza wa hoja hii. Kwa gari binafsi nchini Tanzania, bima ndogo imekuwa ikiuzwa kwa shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani ada ya 100,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa kuwa bei hiyo ni ileile kila mahali, mnunuzi huona hakuna cha kulinganisha, akachukua ya ofisi iliyo karibu. Lakini chukulia dereva wa gari la milioni nane amegonga Land Cruiser mpya, na gereji ikasema matengenezo yatafika milioni 30. Kama kikomo cha mali ya mtu wa tatu kwenye mkataba wake ni milioni 10, milioni 20 zilizobaki ni deni lake binafsi. Kama kikomo ni milioni 30, anaendelea na maisha yake. Madereva wawili waliolipa shilingi 118,000 zilezile, siku ileile, wanaweza kujikuta kwenye hali hizo mbili, na bei haikumpa hata mmoja wao dalili yoyote.

Juu ya bima ndogo kuna daraja la kati, linaloongeza moto na wizi: gari likiungua au likiibwa unalipwa, likigongwa kwa kosa lako hulipwi. Juu kabisa ndipo ilipo bima kubwa, inayoyachukua yote hayo na kuongeza uharibifu wa gari lako mwenyewe hata kama mwenye kosa ni wewe. Watu wengi huyaona madaraja haya matatu kama ngazi ya hadhi, kwamba mwenye uwezo hukata kubwa na asiye na uwezo hukata ndogo. Mtazamo huo unawapotosha wote wawili. Kinachotofautisha madaraja haya ni hasara zinazoingia na zinazobaki nje, na hasara hazina ukubwa sawa. Gari la milioni 20 likiteketea lote, hasara yako haiwezi kuzidi milioni 20. Lakini ukimjeruhi mtu mwenye miaka 30, anayelisha familia, akabaki bila uwezo wa kufanya kazi, mahakama itapima matibabu yake, maumivu yake na kipato chake kilichopotea, na hakuna anayejua mapema hesabu hiyo itaishia wapi. Hasara ya gari ina dari, hasara ya deni kwa wengine haina. Mnunuzi anayetumia saa nzima kuuliza kama saitimira zimo kwenye bima, asiulize hata mara moja kikomo cha fidia kwa watu wengine, ameshughulika na hasara ndogo na kuiacha wazi ile inayoweza kumuuzia nyumba.

Mfano wa Kenya unaonyesha kwamba hofu hiyo ina msingi. Sura ya 405 inaweka ukomo wa shilingi milioni tatu za Kenya kwa dai la mtu mmoja katika bima inayolazimishwa. Mahakama ikiamuru fidia kubwa kuliko hiyo, kinachozidi humrudia mwenye gari, isipokuwa mkataba wake uwe umepandisha kikomo kwa hiari. Pia mwenye gari hawajibiki kwa makosa yake tu. Dereva aliyemwajiri akigonga akiwa kazini, sheria humfuata mwajiri. Mwenye daladala, mwenye fuso la mizigo na mwenye gari la shule wote wamo katika kundi hili. Kwao, ukurasa unaotaja vikomo vya fidia una uzito kuliko ukurasa unaotaja ada.

Sasa twende kwenye bima kubwa, kwa kuwa huko ndiko bei hutofautiana na ndiko watu hushindania punguzo. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, imekuwa ikiweka viwango vya chini vya ada za bima za magari, na kwa gari binafsi kiwango ambacho wengi wamezoea kukisikia ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa gari la milioni 20 hiyo ni shilingi 700,000, na ukiongeza kodi ya asilimia 18 unapata 826,000. Fikiria maana ya kuwapo kwa kiwango cha chini. Ikiwa sakafu ya bei ni moja kwa kampuni zote, haziwezi kupishana mbali kwa bei, hivyo ushindani unahamia kwenye masharti. Kampuni inayotaka kujilinda huku ikikupa bei ya sakafu itajilinda mahali usipotazama: itaongeza sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, itashusha vikomo, au itaondoa mafuriko na vurugu kwenye orodha. Kwa hiyo kadiri bei zinavyokaribiana ndivyo kusoma masharti kunavyozidi kuwa lazima.

Sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ambayo maofisa wa bima huiita eksesi, inastahili hesabu kamili kwa sababu ndiyo inayoficha bei halisi. Tuseme kampuni ya kwanza inakupa bima ya gari hilo la milioni 20 kwa shilingi 826,000, na eksesi yake ni asilimia 10 ya kila dai, isiyopungua shilingi 500,000. Kampuni ya pili inataka 885,000, na eksesi yake ni asilimia 5, isiyopungua 200,000. Ukitazama bei peke yake, ya kwanza inakuokolea 59,000. Sasa gari ligongwe, matengenezo yawe milioni tatu. Kwa kampuni ya kwanza unabeba 500,000, kwa ya pili unabeba 200,000. Zile 59,000 ulizookoa zimekutoa mfukoni 300,000. Msomaji makini atasema hesabu hii imeegemea upande mmoja, kwa sababu haiwezekani kila mtu apate ajali kila mwaka, na atakuwa amesema kweli. Ukigawa 300,000 kwa 59,000 utaona kwamba anayepata ajali ya namna hiyo mara moja kwa zaidi ya miaka mitano atafaidika na kampuni ya kwanza, mradi awe na akiba ya 500,000 ya kulipa siku hiyo bila kukopa. Hivyo jibu sahihi la mwenye akiba na uzoefu wa barabara linaweza kuwa baya kwa dereva mpya anayeishi kwa mshahara wa mwezi hadi mwezi. Nukuu ya bei haiwezi kukuambia wewe ni yupi kati ya hao wawili. Ni hesabu ya hasara unayoweza kubeba ndiyo inayoamua.

Thamani ya gari inayoandikwa kwenye fomu ni mahali pengine ambapo bei ya chini hununuliwa kwa hasara. Kwa kuwa ada ni asilimia ya thamani, kishawishi ni kuishusha. Mwenye gari la milioni 20 akiandika milioni 12, ada yake pamoja na kodi inashuka kutoka 826,000 hadi 495,600, na anatoka ofisini amefurahi kwa kuokoa 330,400. Gari likiibwa, kampuni haitalipa zaidi ya milioni 12 alizoandika, na milioni nane zimepotea. Hata kwa ajali isiyoharibu gari lote hayuko salama, kwani mikataba mingi ina kipengele kinachosema kwamba aliyekatia bima sehemu tu ya thamani atalipwa sehemu hiyohiyo ya hasara. Amekatia asilimia 60, kwa hiyo matengenezo ya milioni tano yatalipwa milioni tatu, na eksesi bado inakatwa. Kuandika thamani kubwa kuliko ya kweli nako hakusaidii. Bima humrudisha mtu alipokuwa kabla ya hasara, haimtajirishi, kwa hiyo gari la milioni 20 lililoandikwa milioni 25 hulipwa kwa bei ya soko ya siku ya tukio. Ada ya ile milioni tano ya ziada, shilingi 206,500 kwa mwaka pamoja na kodi, haikununua chochote. Dawa ni kupata thamani ya soko kutoka kwa mthamini au kwa kulinganisha bei za magari ya aina na mwaka uleule, kisha kuirekebisha kila mwaka bima inapohuishwa, kwa sababu magari huchakaa na bei ya soko hubadilika.

Halafu kuna swali la gari linatumikaje na nani analiendesha. Kila bima imejengwa juu ya maelezo uliyoyatoa kwenye fomu ya maombi, na tangu mwaka 1766, katika kesi ya Carter v Boehm, mahakama za Uingereza ziliweka msingi kwamba anayeomba bima lazima aseme yale ayajuayo yanayogusa hatari inayokatiwa bima. Msingi huo umeenea hadi kwetu. Jijini Dar es Salaam msingi huo una uzito wa pekee kwa sasa, kwa sababu ya magari yanayokatiwa bima kama ya binafsi, kwa ada ya gari binafsi, kisha yanabeba abiria kwa malipo kupitia teksi za mtandaoni. Siku ya ajali, simu ya dereva inaonyesha alikuwa na safari iliyolipiwa, na kampuni ina sababu ya kisheria ya kukataa kulipa uharibifu wa gari. Mwenye gari aliyelinganisha bei za bima ya gari binafsi alilinganisha bima ambazo hakuna hata moja iliyomhusu. Ni vivyo hivyo kwa gari la nyumbani linaloendeshwa na kijana ambaye leseni yake ni mpya, kwa pikapu ya familia inayokodishwa kubeba mazao, na kwa gari linalovuka mpaka. Bima ya ndani ya nchi huishia mpakani. Anayevuka Tunduma au Rusumo anahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania imo katika mpango wake, na hata hiyo ni ya kulinda watu wengine, haitengenezi gari lako likiharibika ugenini. Kabla ya kuomba bei, andika kwa ukweli matumizi yote ya gari na watu wote watakaoliendesha, kisha ombea bei hilo gari lililo halisi.

Yanayobaki nje ya mkataba nayo yana kawaida ya kufichwa na bei. Bima kubwa haiwi kubwa kiasi cha kubeba kila kitu. Uchakavu wa kawaida na injini iliyokufa kwa kukosa oili havimo. Dereva aliyelewa au asiye na leseni ya daraja la gari hilo huondoa kinga. Vurugu za kisiasa kwa kawaida huwekwa kando na kuuzwa kama nyongeza, jambo ambalo wenye magari wa Kenya walilazimika kulitilia maanani baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008. Mafuriko yanahitaji swali la wazi kwa anayepita Jangwani, Dar es Salaam, kila masika, na jibu lake lipatikane kwa maandishi. Wizi wa vifaa vya gari, taa, saitimira na redio, mara nyingi una kikomo chake, na kikomo hicho kinaweza kuwa chini sana ya bei ya taa moja ya gari la kisasa. Kuna pia mambo yasiyo na jina kubwa lakini yanayoamua fedha: kama kampuni itakata gharama ya uchakavu kwenye spea mpya, kama unaruhusiwa kuchagua gereji, na kama utapewa gari la kutumia wakati lako liko fundi. Kwa mtu anayetegemea gari kwa riziki, wiki sita bila gari zinaweza kumtoa fedha nyingi kuliko matengenezo yenyewe. Gari likiwa limenunuliwa kwa mkopo, benki itadai iandikwe kwenye bima, na likipotea fidia itapita kwanza kwa benki. Ikiwa deni limezidi thamani ya gari, utabaki unalipia gari ambalo halipo.

Kisha kuna swali la mwisho ambalo nukuu ya bei hailigusi hata kidogo, nalo ni uwezo wa kampuni. Bima ni ahadi ya kulipa kesho kwa fedha ulizotoa leo, na ahadi ina thamani ya aliyeitoa. Mwezi Machi 1971, kampuni ya Vehicle and General ya Uingereza, iliyokuwa imekua kwa kasi kwa kuuza bima za magari kwa bei ya chini, ilianguka na kuwaacha takriban madereva milioni moja bila bima. Anguko hilo lilichangia Uingereza kutunga sheria ya kuwalinda wenye bima mwaka 1975. Kenya imeyapitia kwa karibu zaidi: United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi maalumu mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, Concord mwaka 2013, na Invesco, iliyojulikana sana kwa bima za matatu, mwaka 2024. Kampuni inapoanguka, dai la aliyejeruhiwa halianguki nalo. Linabaki likimtazama mwenye gari, ambaye alilipa ada yake kwa wakati na hakufanya kosa lolote zaidi ya kuchagua kwa bei. Ada ya chini kuliko uhalisia wa hatari huweza kuwa zawadi kwa mteja kwa mwaka mmoja au miwili. Zaidi ya hapo, kampuni hupata wapi fedha za kulipa madai?

Wapo watakaosema maneno haya yote ni bure, kwa sababu kampuni za bima hazilipi hata ukichagua kwa makini namna gani. Malalamiko hayo yana chanzo. Kuna madai yanayocheleweshwa bila sababu na mengine yanayopunguzwa kwa ujanja, na mwenye bima anayo haki ya kupeleka mgogoro wake TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini ukiyatazama madai yanayokataliwa kwa hoja za kisheria, sababu zake nyingi ni zilezile tulizozipitia: thamani iliyoshushwa, matumizi yaliyofichwa, dereva asiyeruhusiwa, hasara iliyo nje ya orodha, taarifa iliyochelewa. Zote zingeweza kuonekana siku ya kununua. Kwa hiyo hoja ya kwamba kampuni hazilipi inaongeza haja ya kulinganisha kwa hasara. Asiyeiamini kampuni ndiye anayepaswa kuliko wote kujua masharti ambayo kampuni itajificha nyuma yake.

Wengine watasema wanachotaka ni stika ya bima tu, trafiki awaachie wapite. Hawa wamechanganya adhabu na hasara. Faini ya barabarani inalipika. Fidia ya mtu aliyevunjika uti wa mgongo hailipiki kwa mshahara. Na ikiwa kweli ni stika inayotafutwa, basi ihakikishwe ni halali, kwa sababu bima feki zimewahi kuuzwa na matapeli wanaozunguka na vitabu vya risiti. Mfumo wa TIRA-MIS humwezesha mtu kuingiza namba ya usajili wa gari kwenye simu na kuona kama bima ipo, ni ya kampuni gani na inaisha lini. Kenya nako vyeti vya bima vimehamia kwenye mfumo wa kidijitali. Ni kazi ya dakika chache, ifanyike siku hiyohiyo ya malipo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mwenye gari la zamani. Anasema gari lake lina thamani ya milioni sita, bima kubwa itamla zaidi ya laki mbili kila mwaka, na eksesi ikikatwa kwenye matengenezo madogo hatabaki na kitu. Hoja yake ni sahihi, na haipingani na sura hii hata kidogo. Kama kupoteza milioni sita kutamuumiza bila kumwangusha, na kama ana akiba, aiache bima kubwa kwa moyo mweupe. Sehemu ya fedha atakazookoa aitumie kutafuta bima ya mtu wa tatu yenye kikomo cha juu, kwa kuwa gari la zamani linaweza kumjeruhi mtu sawasawa na gari jipya, na breki zake huenda zikawa na udhaifu zaidi. Hapo bima ndogo iliyochaguliwa vizuri inamlinda kuliko bima kubwa iliyochaguliwa kwa bei. Kuna anayepaswa kufanya kinyume chake: mtu ambaye gari la milioni 12 ndilo mtaji wake wote wa kazi. Kwake kulipoteza ni kuanza maisha upya, na bima kubwa ni ya lazima hata kama gari lenyewe halina hadhi machoni pa jirani.

Mwingine atauliza mwananchi wa kawaida atapata wapi muda na ujuzi wa kusoma mkataba wenye kurasa nyingi za lugha ya kisheria, mara nyingi kwa Kiingereza. Ni swali la haki, na kampuni zinazouza bima kwa Waswahili zinawajibika kuandika mikataba kwa Kiswahili kinachoeleweka. Wakati tukilidai hilo, kuna msaada wa kutumia. Wakala anawakilisha kampuni iliyomteua, lakini dalali wa bima ni wa mteja na anaweza kuleta bei za kampuni kadhaa. Hulipwa kamisheni itokanayo na ada, kwa hiyo aulizwe sababu za kupendekeza kampuni fulani, na azitoe kwa maandishi. TIRA nayo hutoa kila mwaka taarifa ya utendaji wa soko, inayoonyesha kampuni zinavyokusanya ada na kulipa madai. Wala hakuna haja ya kusoma kila mstari. Sehemu nne zinabeba karibu uzito wote: vikomo vya fidia kwa watu wengine na mali zao, eksesi, orodha ya yasiyolipwa, na masharti ya kutoa taarifa baada ya ajali.

Kwa vitendo, kulinganisha kunaweza kufanyika kwa karatasi moja. Andika hasara tatu: gari limegongwa kwa kosa lako na matengenezo ni milioni tatu, gari limeibwa usiku na halikupatikana, umewajeruhi watu wawili na kuharibu gari la bei kubwa. Ipelekee kila kampuni maelezo yaleyale ya gari, thamani ileile, matumizi yaleyale na madereva walewale, kisha uliza kwa barua pepe au kwa ujumbe utakaobaki kwenye simu: kwa kila moja ya hasara hizi mtalipa kiasi gani, mimi nitabeba kiasi gani, na kwa masharti yapi? Kampuni inayokwepa kujibu maswali haya kabla ya kupokea fedha yako imeshakupa jibu la namna itakavyokujibu ukiwa na dai. Zilizojibu, panga majibu yao kwa safu, uanze na hasara ambayo huwezi kuibeba, na uziondoe zile zinazokuacha nayo. Kwa zilizobaki, jumlisha ada na kodi, na sasa uchague ya bei ya chini bila wasiwasi, kwa sababu hatimaye unalinganisha vitu vinavyofanana. Kazi hii itakula jioni moja kwa mwaka. Ikiwa wenye magari wa kutosha wataifanya, kampuni zitalazimika kushindana kwa ubora wa ahadi zao, na watakaofaidika zaidi ni watembea kwa miguu na abiria ambao sheria ya bima iliandikwa kwa ajili yao.